Bolti ya Tatu ya Mashine ya Akina Achol

Nyundo iwekeni chini kwanza. Najua mnaipenda. Kila chuo cha ufundi kikifunga mnanijia hapa nyumbani Lodwar, wawili watatu, mkiwa na kitu kilichokwama, na nikikigeuza naona tayari kina makovu ya kipigo. Wengine mnaniita Ata, wengine Shosho, bibi ni yule yule, halafu mnasema kwa sauti moja, "Imekataa." Haijakataa. Mmeipiga kabla hamjaiuliza shida yake ni nini, na mimi ningekuwa bolti ningekataa pia.

Nimestaafu, wanangu. Viungo vya vidole vimevimba na daktari ameniambia spana niziachie wenye nguvu. Basi nimeshika kalamu, ambayo nayo inaniuma, lakini haina kelele. Nataka kuwaeleza kazi yangu ya mwisho. Nikisema yangu najisifu kidogo, kwa sababu sehemu ngumu kuliko zote ilifanywa na mikono ya mtu mwingine. Mtaona.

Ilikuwa mashine ya kukata nyasi, ile ya kukaliwa kama trekta dogo. Turkana na mashine ya nyasi wapi na wapi, mtasema. Nami nilisema hivyo siku ya kwanza kuona moja, zamani, kwenye nyumba ya wageni iliyokuwa ikimwagilia bustani yake maji ya mto Turkwel. Mbuzi walisimama nje ya waya asubuhi nzima wakitazama chakula kinakatwa na kutupwa. Niliwahurumia sana. Niliona hiyo ni mashine ya watu wasio na adabu, na sikujua kwamba siku moja nitaililia.

Mwanamke aliyenipigia simu anaitwa Achol. Alifika Kakuma akiwa msichana kutoka Sudan Kusini, akaolewa hapo kambini, akazaa, akafiwa na mume, kisha akahamia Kalobeyei na wanawe. Namba yangu alipewa na fundi mmoja wa pikipiki niliyewahi kumfundisha.

"Mama, wewe ni ile fundi ya kufungua kitu imekwama?"

"Ndiye mimi."

"Basi kuja. Kitu imekwama, na mimi nimekwama pamoja na yeye."

Nilimwambia nimestaafu. Akasema sawa, kuja umestaafu hivyo hivyo. Nikacheka, na mtu akishanichekesha siwezi tena kumnyima.

Habari yake ilikuwa hivi. Yeye na wanawake wenzake, baadhi wakimbizi na baadhi Waturkana wa pale pale, walikuwa wamechimba matuta kando ya laga, ule mto mkavu wa msimu, ili maji ya mafuriko yakipita yatulie kidogo. Walipanda nyasi. Mvua ikaja vizuri, nyasi zikapanda mpaka magotini. Lakini mahali pale ni njia ya mifugo, na mifugo haijui kusoma kibao. Kwa hiyo kabla ya mvua Achol alikuwa ameenda kwenye kikao cha wazee wa wafugaji, mwanamke peke yake, mgeni peke yake, akasimama akawaomba. Akawaambia: tuachieni kipande hiki mpaka mifugo irudi kutoka upande wa Namoruputh, mpakani na Uganda. Tutakata, tutakausha, nusu iwe ya mbuzi wenu na nusu ya mbuzi wetu kwa ajili ya kiangazi. Mkirudi mkakuta nyasi bado zimesimama, fungulieni mbuzi waingie, na sitawaomba tena.

Wazee walikubali. Ahadi ile ilikuwa ya Achol, si ya kikundi. Wenzake walimwambia wazi kwamba ameropoka. Na sasa zilikuwa zimebaki siku sita mifugo ifike, na nyasi zilikuwa zimesimama. Mundu walikuwa nazo na walishaanza, ila mwanamke akishatoka kwenye foleni ya maji na ya kuni hubaki na saa mbili tu za kukata. Kwa mwendo ule wangemaliza nyasi zikiwa vumbi. Mbuzi wakiingia wangezimaliza kwa siku tatu, akiba ya kiangazi isiwepo, na hakuna mzee ambaye angemsikiliza tena mwanamke mkimbizi akisimama kwenye kikao. Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha Achol usingizi. Aliniambia hivyo mara ya kwanza tulipokaa pamoja, kabla hata ya chai.

Mashine waliipata kwenye shule moja ya bweni iliyokuwa ikisafisha stoo. Fundi wa pikipiki alishaiamsha injini, inanguruma vizuri. Tatizo lilikuwa chini. Mashine hizi zina deki, yaani kama sinia kubwa la chuma lililofunikwa, na ndani yake mna visu vitatu. Kila kisu kimefungwa kwa bolti moja kwenye shafti, shafti inazunguka ndani ya kikombe cha alumini chenye beringi, na juu kuna puli inayovutwa na mkanda. Kisu hakitoki mpaka bolti itoke, na beringi huioni mpaka kisu kitoke. Visu vyote vitatu vilikuwa vimegoma. Mtu alikuwa ameiosha mashine ile kwa maji ya kisima chenye chumvi, akaiweka stoo ikiwa mbichi, akaenda zake. Naamini alidhani anaitunza.

Tulipoitoa deki tukaipindua, Achol alinitazama usoni kama watu wanavyomtazama daktari. Nami nikafanya uso wa daktari. Ndani nilikuwa nasema, Akai, umekuja kuaibika mbali na kwenu.

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Kitu cha kwanza si spana, ni brashi ya waya na kijiti. Chini ya deki kulikuwa na nyasi za miaka zilizogandamana na udongo, nene kama mkate. Tuliparua siku nzima. Mtu asiyeona mzizi wa bolti hajui anapigana na nini. Kisha tandikeni shuka. Kila kinachotoka kilazeni juu yake kwa mpangilio wa kutoka, kuanzia kushoto, ili mnaporudisha mfuate njia ile ile mkirudi nyuma. Mnacheka kwa sababu mna simu za kupiga picha. Pigeni picha, sikatai, lakini simu hufa chaji na shuka haifi.

Shuka nilifundishwa na Fundi Nur. Alikuwa Msomali aliyekuja Lodwar na malori, akachoka barabara, akaajiriwa kwenye karakana ya misheni nilikokuwa nafagia. Mimi nilikuwa na ufagio, yeye alikuwa na spana, na baada ya mwezi mmoja akasema, "Abaayo, dada, wewe unafagia huku unaangalia mikono yangu. Basi weka ufagio." Hakuna aliyemuuliza kwa nini anamfundisha msichana, kwa sababu alikuwa na hasira za haraka na watu walimwogopa. Mimi sikumwogopa. Hasira zake zilikuwa kama mvua ya huku kwetu, unasikia ngurumo nyingi na hulowi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutumia jua. Video zenu zinasema pasha moto kwa gesi, mwagia dawa ya kopo. Sisi hatukuwa na gesi wala kopo. Tulikuwa na jua la Turkana, ambalo halijawahi kukosa siku ya kazi. Unaiweka deki nje, bolti zikitazama juu, inapikwa mchana kutwa mpaka huwezi kuigusa. Chuma kinatanuka. Jioni jua likilegea na chuma kinaanza kupoa, ndipo unadondosha dizeli iliyochanganywa na oili ya breki kidogo, tone kwa tone, kwenye mzizi wa bolti. Chuma kinaposinyaa kinaifyonza ile dizeli ndani ya hesi, yale meno ya bolti. Ukiimwaga mchana inakauka tu juu, umelisha jua. Alfajiri kikiwa baridi unagonga kichwa cha bolti kidogo kidogo kwa kinyundo, si kwa kukipiga, ni kwa kukibembeleza, kutu ivunjike ndani. Halafu rudia. Siku mbili za namna hiyo zina nguvu kuliko wanaume wanne.

Na jambo jingine. Kabla ya kuvuta, hakikisheni inafungukia upande gani. Zipo zinazofungukia kinyume, na niliwahi kukaza moja kwa nusu saa nikidhani naifungua, Fundi Nur akiwa amekaa kwenye ndoo anakunywa chai ya maziwa ya ngamia bila kusema neno. Alipomaliza chai ndipo akaniambia.

Asubuhi ya tatu tulijaribu bolti ya kwanza. Tuliweka kipande cha mti kuzuia kisu kisizunguke, nikatia spana ya ringi, nikaikaza kwanza kidogo. Ndiyo, kaza kwanza, kama nywele moja tu, ili iachie pale iliposhikana. Kisha fungua. Ikatoa sauti nyembamba, ile ninayoipenda kuliko nyimbo, ikalegea. Achol alikaa chini kwenye vumbi akaficha uso kwa leso. Ya pili ikafuata kabla ya saa nne. Ile siku nilikula vizuri.

Ya tatu ilikuwa na matatizo mawili. Kwanza kichwa chake kilikuwa kimelika, kimekuwa mviringo, kwa sababu mtu fulani kule shuleni alishakishika kwa koleo akakihangaikia. Pili, hiyo ndiyo iliyokuwa na beringi iliyokufa, inasaga kama meno ya usingizini, kwa hiyo kuiruka haikuwezekana. Tulimtuma fundi wa pikipiki Kakuma akaleta beringi na bolti mpya. Muwe mnajua hilo: beringi za mashine nyingi za nyasi ni ndugu wa beringi za pikipiki, pimeni tu ndani, nje na unene. Tukairudisha deki juani.

Tulipokuwa kivulini tukingoja jua lifanye kazi, Achol aliniuliza, "Mama, wewe umeharibu kitu siku moja?"

Wanawake wawili watatu wa kikundi walikuwa wamekaa hapo wakichambua maharagwe. Walinyamaza wasikie. Nikaona nikidanganya nitakuwa nimemwacha Achol peke yake kwenye shimo la watu wanaokosea.

Nikawaambia ya mashine ya kusaga. Nilikuwa sijatimiza mwaka na Fundi Nur. Alikuwa amenieleza kwamba bolti ikipakwa grisi kabla ya kufungwa haitagandana kesho. Siku moja grisi ikaisha, yeye ameenda kuswali, mimi nataka kumshangaza. Nikakimbia nyumbani, nikachukua kwenye kibuyu cha mama mafuta ya mkia wa kondoo, nikazipaka bolti zote za mashine ya kusaga ya misheni, nikazifunga, nikajipongeza. Wanawake wa Kiturkana pale waliposikia kibuyu cha mama wakaanza kucheka kabla sijamaliza, wakijua tayari. Achol alikuwa hajajua. Mafuta yale hayakuwa ya kupikia. Mama alikuwa ameshayachanganya na ngeu, ule udongo mwekundu tunaojipaka mwilini na kwenye shanga siku za ngoma.

Miezi kadhaa baadaye mashine ilihitaji kufunguliwa. Mafuta yalikuwa yamekauka, ngeu imebaki ndani ya hesi, imekuwa saruji. Mji mzima unangoja unga. Fundi Nur alipoifuta bolti kwa kidole akaona wekundu, akaninusisha. Nikalia hapo hapo. Akasema, "Akai, mashine umeipamba kama bibi harusi, sasa haitaki kutoka nyumbani." Kisha akakaa nayo siku tatu, dizeli na jua, dizeli na jua, bila kuvunja hata moja, na kila iliyotoka alinipa mimi niisafishe kwa waya mpaka chuma kionekane.

Hakuniambia tena lolote. Ila wiki iliyofuata alinunua kopo la samli, akavaa kanzu safi, akatembea mpaka bomani kwetu kumrudishia mama mafuta yake. Mama alipomwona mwanamume wa Kisomali amevaa vizuri amebeba kopo la samli, hakungoja maelezo. Alimkaribisha akae, akamuuliza ana ngamia wangapi. Maskini Fundi Nur alianza kueleza habari za bolti, na mama akawa anaitikia kwa heshima kama anayesikiliza mchumba mwenye haya. Ilichukua mchana mzima kulifungua hilo. Baada ya hapo walikuwa marafiki mpaka mama alipofariki. Na Fundi Nur naye ametangulia. Nilimpenda mzee yule. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu sisi mafundi huwa tunaambiana habari za nati.

Wanawake walicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Achol hakucheka sana. Alikuwa anaitazama deki.

"Kesho tukigonga tu kwa nguvu?" akasema. "Mara moja. Mimi nagonga."

Nikamwonyesha kile kikombe cha alumini kinachoshika shafti. Nikamwambia, chuma kikipigwa kinaumia, alumini ikipigwa inapasuka, na kutoka hapa mpaka Nairobi hakuna kingine. Akasema, "Sawa, Mama." Lakini nilichukua nyundo nikailalia kama mto. Nilimpenda Achol na sikumwamini hata kidogo.

Siku ya tano asubuhi nilichukua tupa nikaanza kukichonga kile kichwa cha bolti, nikitengeneza pande mbili bapa ili spana ndogo ipate pa kushika. Hiyo ni kazi ya subira, unafuata mstari mmoja na hubadilishi mkono. Nilipomaliza nikatia spana, nikachomeka bomba la maji kwenye mkia wake kuongeza urefu, nikashika. Nikavuta. Bolti haikusogea, na sababu haikuwa bolti. Vidole vyangu vilifunguka vyenyewe. Nikashika tena, vikafunguka tena. Wanangu, nimefungua pampu za visima kuanzia Lowarengak mpaka Lodwar kwa mikono hii. Niliona aibu ambayo sijui niilinganishe na nini, nikageuka nikajifanya natafuta kitambaa.

Wakati huo ndipo tuliposikia kengele za mbuzi.

Walikuwa wamewahi siku nzima. Mbele yao alikuja Mzee Ekidor, mmoja wa wale wazee waliompa Achol kauli yao, kigoda chake mkononi na fimbo begani. Nyuma yake vijana wake na mbuzi wasiohesabika, wembamba, wamenyanyua pua. Walishazinusa nyasi.

"Ejok," akatusalimu.

"Ejok-nooi," tukajibu.

Akatazama nyasi zilizosimama. Akatazama deki iliyopinduliwa tumbo juu. Akatazama shuka yangu na vyuma vyangu vilivyolala kwa mpangilio.

"Achol," akasema, "nimekuta zimesimama."

"Ulisema kesho, Mzee."

"Mimi nilisema kesho. Maji ya kule imekauka, hiyo imesema jana." Hakuwa na ukali. Alisema kama mtu anayetoa habari ya msiba. "Hawa mbuzi hawakuwa kwa kikao."

Achol aliziangalia nyasi. Wenzake walikuwa wamesimama na mundu zao, na nikamwona mmoja anatikisa kichwa, yule aliyemwambia tangu mwanzo kwamba ameropoka. Nikajua nisiposema mimi yamekwisha. Nikamwamkia Mzee Ekidor kwa Kiturkana, nikamtajia baba yangu na mahali pa boma letu, kama inavyotakiwa, kisha nikamuuliza kama mbuzi wamekunywa.

"Bado."

"Mbuzi mwenye kiu akila nyasi kavu anaumia tumbo. Wapeleke kisimani kwanza. Wakishakunywa wote, rudi. Ukikuta bado zimesimama, mimi mwenyewe nitakufungulia njia."

Alijua vizuri kwamba natafuta nafasi, na alijua kwamba mimi najua kuwa anajua. "Wengi hawa," akasema. "Watakunywa mpaka jua liwe hapa." Akaonyesha kwa fimbo karibu na utosi. Akawageuza.

Achol aliirukia spana akanipa. "Vuta, Mama. Vuta sasa."

"Siwezi," nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kusema neno hilo kazini. "Mikono yangu imekwisha. Utavuta wewe."

"Mimi sijui."

"Mimi najua, wewe una mikono. Njoo hapa."

Nikamkalisha. Nikamshikisha bomba, nikaweka viganja vyangu juu ya vyake, si kwa kuvuta, kwa kusikiliza. Nilimwambia kaza kidogo kwanza, akashangaa, akakaza. Sasa lete kwako, polepole, kama unamvuta mtoto aliyelala na hutaki aamke. Akavuta kwa hasira. Spana ikaruka, ikamchubua kifundo cha mkono. Akasema "malesh," yaani si kitu, akafuta damu kwenye nguo, akashika tena. Mara ya pili akavuta taratibu. Nikasikia kupitia mikono yake bomba linaanza kupinda. Moyo wangu uliniambia ataikata. Nikamwambia, "Simama hapo hapo. Usiongeze, usipunguze." Tukakaa hivyo, wanawake wawili tumeshikana mikono juu ya bomba la maji, jasho linadondoka kwenye chuma. Achol alikuwa anaomba kwa lugha yao, midomo inacheza. Nilimwacha aombe, ila nilimwambia mwingine adondoshe dizeli.

Ikalia. Si kwa kishindo, ni kimlio kifupi tu.

"Imevunjika?" akauliza, na macho yake siyasahau.

"Imekubali."

Hakuinuka. Aliizungusha mwenyewe mpaka mwisho, hesi kwa hesi, akaitoa akailaza kwenye shuka mahali pake, mstari wa mwisho kulia. Kutia beringi mpya, kurudisha shafti, kisu, puli na mkanda hatukumaliza saa moja na nusu, kwa sababu shuka ilituambia njia yote. Fundi wa pikipiki akaibana deki chini ya mashine, akainyanyua kwenye tundu la juu kabisa, maana zile hazikuwa nyasi za bustani. Visu tulishavinoa. Achol akapanda juu ya kiti. Nilitaka kumwambia ashuke, aendeshe mtu anayejua, kisha nikafunga mdomo.

Mzee Ekidor alikuwa anarudi na mbuzi wameshiba maji, wako mita chache tu kufika kwenye nyasi, Achol alipotia visu. Sijui kama mmewahi kusikia visu vitatu vikiamka pamoja chini ya sinia la chuma. Mbuzi wa Mzee Ekidor walikuwa hawajawahi. Walisimama wote, masikio juu, halafu wakageuka wakaondoka kama mafuriko, vijana wa Ekidor wakikimbia nyuma yao, vumbi likapanda mpaka hatukuwaona. Mzee alibaki peke yake na fimbo yake na kigoda chake.

"Mama," akaniambia kwa utulivu, "mbuzi wangu wamerudi Uganda."

Nikaomba msamaha nikiwa nimejishika mbavu. Naye akacheka, akaweka kigoda chini, akakaa kutazama. Ilichukua vijana wale alasiri yote kuwakusanya, na alasiri hiyo yote Achol alikata. Nyasi zilitoka vipande vifupi, si virefu vizuri kama vya mundu, lakini mbuzi hachagui. Wanawake walifuata nyuma na reki za matawi ya miti ya mathenge. Jua lilipolala upande wa Uganda kipande chote kilikuwa chini isipokuwa kona moja, na ile kona waliimaliza kwa mundu wakiimba.

Sasa nyusi za Mzee Ekidor zikashuka, akasimama, maana ahadi ya nusu ilikuwa bado. Wake zake na wake za vijana wake walikuwa wamefika na kamba za kufungia mizigo. Achol alishuka kwenye mashine. Hakungoja aambiwe. Akaanza kuwagawia nyasi, nusu kama alivyoahidi, kwanza wao kabla ya wenzake wa kikundi. Wale wanawake wakajipanga bila kuambiwa, mmoja nyuma ya mwingine. Akawa anawajazia mikono, anawasaidia kufunga kamba, anawatwisha. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo karibu naye. Akainama kwangu akasema taratibu, wengine wasisikie:

"Mama, tangu nimekuja Kenya mimi ni mtu ya kusimama kwa laini, kwa foleni. Chakula laini, maji laini, karatasi laini. Leo laini iko mbele yangu."

Nikamshika ule mkono uliochubuka.

Mzigo wa mwisho ulipotwishwa, Mzee Ekidor akamwendea. Alisimama mbele yake kama mtu anayesimama mbele ya mwenye mahali.

"Mwaka ujao," akasema, "tusipitishe mbuzi wapi?"

Achol alimtazama kuhakikisha kwamba ni yeye anayeulizwa. Kisha akanyoosha mkono, mweusi wa grisi mpaka kwenye kiwiko, akaonyesha kutoka kwenye matuta mpaka ule mti wa mkoma uliopinda, na kutoka hapo akaufuata ukingo wa laga mpaka chini kabisa. Alionyesha mahali pakubwa mara mbili ya pale tulipokata. Mzee Ekidor alifuata kidole chake kwa macho bila kukatiza, mpaka mwisho. Halafu akawageukia vijana wake.

"Mmeona," akawaambia.